Ukiwasha Inanyamaza

Mjini Eldoret, fundi anayetegemea AC za magari angekufa njaa. Mji uko juu, baridi yake haichagui msimu, na dereva anayehisi joto hufungua dirisha. Kitufe cha AC hukaa kwenye dashibodi miaka nenda miaka rudi bila kuguswa, mpaka siku mwenye gari anapoteremka Bonde la Kerio au kwenda Kisumu. Hapo hukibonyeza, na chuma kilicholala muda wote huo huamka kikipiga mayowe. Jumatatu gari liko gereji, na mwenyewe anasema yale yale waliyosema waliomtangulia: nikiwasha AC, inalia.

Simeon Irungu aliyazoea maneno hayo hata akawa na jibu lake tayari, na jibu lenyewe lilikuwa utani. "AC ya Eldoret ni dirisha," angesema. "Zima, fungua dirisha, enda nyumbani." Watu walicheka wakaenda zao. Na mara nyingi alikuwa sahihi. Kompresa ya AC iliyochakaa hulia inapofanyishwa kazi. Ukiizima, inapumzika na kelele inakwisha, na katika mji wa baridi hakuna anayeikosa.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Kibanda chake kilikuwa kwenye uwanja wa mafundi wa jua kali, kando ya mto Sosiani: mabati manne, meza ya chuma, na shimo la kuingilia chini ya magari ambalo mvua ililijaza kila mwaka kuanzia Aprili. Wenzake walimwita Sikio. Jina hilo hakujipa. Alikuwa na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mti, na kazi yake kubwa haikuwa kufungua skrubu. Ncha aliigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini akaukandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Alihamisha ncha kutoka chombo kimoja hadi kingine, kama daktari anavyohamisha mpira wake wa kusikilizia kifuani mwa mgonjwa, kisha akatoa hukumu. "Beringi ya alteneta. Pampu ya maji ni nzima, usidanganywe ununue." Wenye magari makubwa wa mtaa wa Elgon View, waliochoka kusomewa namba na kompyuta za gereji za kisasa, walikuja kuegesha kwenye tope lake ili wasikilizwe.

Ufundi alijifunzia Burnt Forest, alikozaliwa. Baba yake, Mkikuyu, alihamia huko kutoka Murang'a, akalima viazi, na Irungu akiwa kijana akagundua kwamba matrekta yanampendeza kuliko viazi. Akafungua karakana kando ya barabara ya Nakuru, akatengeneza matrekta ya Wakikuyu na ya Wakalenjin kwa spana zile zile. Januari mwaka 2008, katika ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi, karakana ikachomwa. Alikuwa ameshakimbia na mke wake, Waceke, wakafika salama kanisani, kisha akarudi kuchukua sanduku la vifaa. Mtungi wa gesi ya kuchomelea ulilipuka akiwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Sikio la kushoto halikusikia tena kitu chochote tangu siku hiyo. Mkononi alikuwa na bisibisi moja.

Baadhi ya waliokuja na petroli aliwajua. Matrekta yao aliyajua zaidi. Katika miaka yote iliyofuata hakumtaja hata mmoja kwa jina, wala kwa Waceke. Walikaa kambini miezi saba, kisha wakapanga nyumba Munyaka, nje kidogo ya Eldoret, na mwenye sikio moja akaanza upya. Sikio moja lilimtosha. Huenda hata lilimnoa.

Miaka mitatu iliyopita, la kulia nalo likaanza kumwacha.

Halikukatika mara moja. Liliondoka kama mgeni mwenye adabu, kidogo kidogo, na lilianza kuondokea juu, kwenye sauti nyembamba. Kwanza ndege wa asubuhi. Kisha Waceke akamkuta jikoni amesimama karibu na birika linalopiga mluzi, akilitazama tu, akingoja lichemke. Kisha herufi zikaanza kudondoka kutoka kwenye maneno ya watu. Waceke alimpeleka kliniki, wakamfungia ndani ya chumba kidogo na kumvika vikombe vya masikio, wakamtolea karatasi yenye mstari ulioanza juu na kuteremka ghafla kama barabara ya Tambach ishukayo bondeni. Daktari alipendekeza kifaa cha kuvaa sikioni.

"Nikivaa hiyo kitu," Irungu alimwambia mkewe walipotoka nje, "nitakuwa kama mchinjaji anaogopa damu. Nani ataniletea gari?"

Karatasi aliikunja akaiweka ndani ya Biblia, na hakuna mwingine aliyeiona.

Akajifunza mbinu. Alisimama upande ambao ungemleta mteja kulia kwake. Alitazama midomo. Alipoweza kuingia chini ya gari, bisibisi ilimsaidia, kwa kuwa mngurumo mzito ulipita kwenye mfupa hata sikio lisipotaka. Na pale ambapo hakusikia, alijaza. Hii ndiyo mbinu iliyomfaa kuliko zote. Watu kumi wakija na gari linalolia, tisa watasema neno lile lile. Fundi mwenye miaka arobaini kazini hahitaji kulisikia neno analolijua. Alitikisa kichwa kukubali, akasema "naisikia," akakisia, na akapatia.

Tatizo lilikuwa yule wa kumi.

Alikuja Jumatano moja ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Jina lake Chebet, mwalimu wa shule ya msingi kule Sugoi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri. Ilipiga mabati ya kibanda, na hatua nne kutoka hapo Njenga, fundi wa bodi, alikuwa akinyoosha kwa nyundo mlango wa gari lililogongwa. Chebet alishuka kwenye gari lake dogo jeupe, akafungua boneti, akasimama upande wa kushoto wa Irungu, akaiongelesha injini badala ya kumwongelesha yeye.

Alisema hivi: "Fundi, Jumamosi naenda Biretwo na mama. Hii gari nikizima AC inalia. Nikiwasha, inanyamaza. Sasa sielewi."

Yaliyomfikia Irungu ni haya: Jumamosi. Mama. AC. Inalia. Nikiwasha.

Akayapanga mwenyewe. Nikiwasha AC, inalia.

Ni vizuri kueleza tofauti, maana fundi yeyote kwenye uwanja ule angeieleza. Kelele inayokuja ukiwasha AC ni ya kompresa yenyewe. Zima, na jambo limekwisha. Kelele inayokuja ukizima, kisha ikanyamaza ukiwasha, ni ya beringi ya puli, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda wa injini. AC ikiwaka, mzigo wake hulikandamiza gurudumu na kuificha kelele. AC ikizimwa, gurudumu huzunguka likicheza na beringi hupiga ukelele. Puli haina kuzimwa. Injini ikiwa hai, inazunguka, uwe unahisi baridi au joto. Na siku beringi yake itakapokwama, mkanda utakatika. Mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, ndio unaolainisha usukani. Gari lenye kelele ya namna hiyo halitakiwi kuteremka hata mtaa wa pili, sembuse Bonde la Kerio.

Irungu alijua haya kuliko mtu yeyote pale.

Njia ya kuhakikisha ilikuwa moja. Puli ya gari lile iko chini, imejibana karibu na gurudumu la mbele. Ili kuigusa kwa bisibisi ilimbidi aingie shimoni, na shimo lilikuwa limejaa maji ya kahawia mpaka ukingoni. Angeweza kulala chali kwenye tope. Magoti yalimkataza, na zaidi ya magoti, kulikuwa na wateja wawili chini ya mwavuli wakimtazama. Akainama juu ya boneti kama anavyoinama fundi wa kawaida, akainamisha sikio la kulia.

"Washa injini, mwalimu."

Chebet aliwasha. Beringi ikaanza kupiga ukelele mwembamba wa kukata meno. Mteja mmoja chini ya mwavuli alikunja uso. Irungu alisikia mvua, nyundo, na chini yake injini, nzito na laini kama kawaida.

"Washa AC."

Chebet akabonyeza kitufe. Ukelele ukakatika pale pale. Akainua macho kupitia kioo cha mbele, nyusi juu, akimwuliza bila maneno: umeona? Irungu aliuona uso huo. Alikuwa ameuona kwa wateja elfu moja, na siku zote maana yake ilikuwa: unaisikia?

Akatikisa kichwa. "Naisikia."

Chebet akatoa kichwa dirishani. "Unaisikia sasa hivi?"

"Naisikia sana, mwalimu. Hiyo ni kitu kidogo. Ni kompresa imezeeka. AC ya Eldoret ni dirisha! Zima, usiiguse tena, fungua dirisha, uende safari yako. Ukirudi tutaitoa."

"Wacha kumharibia mwalimu gari, Sikio," Njenga akapaza sauti, nyundo hewani. "Akifungua dirisha hii mvua itakaa na yeye kwa seat!"

Wote wakacheka. Irungu alicheka nao, sekunde moja baadaye kuliko wengine.

Chebet akasema kitu kingine, haraka, uso ukiwa tayari umegeukia usukani. Alisema mama yake ana ugonjwa wa mapafu, hawezi kukaa kwenye joto na moshi, na kule bondeni AC ndiyo inayomsaidia kupumua. Irungu alilikamata neno moja.

"Salimia mama sana," akamwambia, akafunga boneti.

Mama huyo aliitwa Jepkemboi. Alikuwa na miaka sabini na moja, hamsini kati ya hiyo akipika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Alizaliwa Biretwo, chini bondeni, akaolewa juu Sugoi. Jumamosi hiyo mjukuu wa kaka yake alikuwa anafanyiwa koito, ile siku ya posa ya Wakalenjin ambapo watu wa mvulana huja kuketi na watu wa msichana, na Jepkemboi alikuwa amesema atafika hata kama ni kubebwa kwa machela. Yaliyotokea Irungu alisimuliwa baadaye, kwa vipande, na watu watatu tofauti.

Chebet alizima AC kama alivyoambiwa. Gari lililia kutoka Sugoi mpaka Iten, likalia likiteremka kona za Tambach. Mama akatania kwamba binti yake amenunua mbuzi mwenye magurudumu manne. Walifika. Jepkemboi alikunywa mursik, maziwa ya kibuyu, akaimba, akaulizana na watu wa mvulana mpaka wakapata ukoo ambao pande zote mbili waliwahi kuoa humo. Saa tisa wakaanza kurudi.

Mlimani walijikuta nyuma ya lori la mchanga lililopanda polepole likitapika moshi mweusi. Joto la bonde lilikuwa bado mgongoni mwao, madirisha wazi. Jepkemboi akaanza kukohoa, kisha akaacha kukohoa, jambo ambalo ni baya zaidi. Chebet alipandisha vioo akabonyeza AC. Ukelele ukakatika, hewa baridi ikaingia, na mama akavuta pumzi. Dakika mbili. Halafu Chebet akakumbuka: zima, usiiguse tena. Akaogopa kuliua gari mlimani na mgonjwa ndani. Akazima.

Ukelele ulirudi ukiwa mkali mara mbili. Baada ya kona ya tatu kukaja harufu ya mpira unaoungua, kishindo, na usukani ukawa mzito kama umefungwa kamba. Mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafuka kutoka kwenye boneti. Alilisogeza gari ukingoni kwenye kona ya chini ya Tambach, ukuta wa mwamba upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Dawa ya kupuliza ya mama ilikuwa imebaki mikupuo michache. Aliitumia yote. Malori yalipita na moshi wake, matatu, manne. La tano lilisimama, dereva akamsaidia kumpakia Jepkemboi kwenye kibini.

Hawakufika naye Iten akiwa hai. Saa kumi na dakika ishirini, daktari aliandika.

Gari lilivutwa hadi uwanjani Jumanne na Kiplimo, kaka yake Chebet. Alisema mama amefariki, mazishi ni Ijumaa, na wao wanataka kujua gari lilikuwa na nini. Kisha akaondoka.

Njenga ndiye aliyelala chini yake, kwa kuwa Irungu alikuwa amesimama tu. Alitoka na puli mkononi. Kitovu chake kilikuwa kimeungua mpaka chuma kikawa na rangi ya buluu, na beringi imekwama kama iliyomiminiwa saruji. Akaiweka mezani, mbele ya Irungu, upande wa kulia kwa bahati.

"Ona hii," Njenga alisema. "Hii imelia wiki mzima, buda. Wiki mzima! Hata kiziwi angeisikia."

Hakuwa akimsema. Hakujua kuna wa kusemwa. Irungu aliichukua puli, akaigeuza, akajaribu kuizungusha kwa kidole gumba. Haikuzunguka. Hapo ndipo mambo yote ya Jumatano yalipojipanga upya kichwani mwake, kila neno mahali pake: nyusi zilizoinuliwa, swali lile la dirishani, *unaisikia sasa hivi?* Alikuwa amesema anaisikia kelele wakati ule ule ilipokuwa imenyamaza.

"Mtu akiuliza, sema kompresa ilikuwa mzee," Njenga akaendelea. "Kwani si ilikuwa mzee? Kila kitu hufa."

Nyumbani Munyaka alimweleza Waceke, kwa kuwa Waceke peke yake ndiye aliyejua karatasi iko ukurasa gani wa Biblia. Ilikuwa asubuhi, kabla ya chai. Waceke akazunguka meza ili awe upande wake wa kulia, akasema taratibu, akilifungulia mdomo kila neno.

"Simeon. Mama yao amekufa. Wao ni nani, na sisi ni nani hapa?"

"Najua."

"Tulihama mara moja. Mimi sihami tena. Nyamaza."

Hakukuwa na mwingine ambaye angemlaumu. Fundi alitoa ushauri, gari la zamani likaharibika mlimani, mgonjwa wa mapafu akafa. Hakuna polisi angeandika zaidi ya hayo. Ijumaa Irungu aliitazama saa ya mazishi ikifika, akiwa ameshika spana ambayo haikufungua kitu. Wiki iliyofuata magari yalikuja kama kawaida. Alitikisa kichwa, akakisia, akapatia yote. Puli aliiacha mezani. Njenga alitaka kuitupa kwenye rundo la vyuma chakavu, akamzuia, na hakusema sababu.

Chebet alikuja siku ya tisa baada ya mazishi, peke yake, leso nyeusi kichwani. Mvua ilikuwa imepumzika. Irungu alimwona anavuka tope akaanza kusogea ili ampate kulia kwake, lakini meza ilikuwa njiani, na mwanamke akasimama upande wa kushoto, karibu sana, macho yakiwa juu ya puli.

"Pole sana, mwalimu," Irungu alisema. "Pole kwa mama."

Chebet aliigusa puli kwa kidole. Akaongea. Aliongea muda kiasi, kichwa kimeinama, na leso ilificha nusu ya mdomo. Mwishoni aliinua uso akamtazama, akingoja.

Irungu alitikisa kichwa kukubali.

Haikuwa nia yake. Shingo ilifanya yenyewe kile ilichokuwa ikifanya kwa miaka mitatu. Lakini aliuona uso wa Chebet ukibadilika, taya likilegea, mkono ukipapasa nyuma kutafuta pa kushika. Mwanamke akakaa juu ya tairi kuukuu. Njenga, kule kwenye mlango wake wa gari, akashusha nyundo.

Irungu alielewa kwamba amejibu swali. Hakujua ni swali gani.

Angeweza kuliacha. Waceke angemwambia aliache. Lolote alilokuwa amelikubali, mwanamke alikuwa amelipokea, angeinuka na kwenda nalo Sugoi, na habari ingeishia hapo. Alizunguka meza. Alipiga magoti kwenye tope, magoti yale yale yaliyokataa Jumatano ile, mpaka sikio lake la kulia likawa karibu na mdomo wa Chebet.

"Mwalimu, umeniuliza nini?"

Chebet alimkodolea macho. "Si umenijibu?"

"Sikusikia swali. Sema tena."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote sentensi hizo mbili tangu karatasi ilipokunjwa. Chebet aliitoa leso mdomoni. Kisha akasema, na safari hii sauti yake ilisikika mpaka kwa Njenga.

"Nimeuliza kama ni zile dakika mbili. Uliniambia nisiguse. Lakini mama alikosa pumzi, nikawasha AC dakika mbili, halafu gari ikakufa. Nimeuliza kama ni mimi niliua mama yangu."

"Hapana."

"Umetikisa kichwa."

"Nimetikisa kwa mazoea. Hapana. Hizo dakika mbili hazikufanya kitu. Afadhali hata ungewasha njia yote, angepata hewa." Sentensi hiyo ilikuwa nzito kuliko alivyotegemea. "Ile Jumatano uliniambia nini? Yote. Nataka niisikie."

"Nilikuambia nikizima AC inalia. Ukiwasha, inanyamaza."

Maneno yalimfikia yote, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wake. Yalikuwa maneno machache tu.

"Mimi sikusikia hivyo," Irungu alisema. "Hili la kushoto lilikufa Burnt Forest. Hili linakufa sasa, miaka mitatu. Nilidhani umesema kama vile wote husema. Ungesema hivyo na nikusikie, ningekunyang'anya ufunguo. Singekuacha utoke hapa na hiyo gari."

"Ulisema unaisikia."

"Nilisema."

"Ilikuwa imenyamaza, na ukasema unaisikia sana. Mimi nilishangaa." Chebet aliongea polepole, kama anayesoma mahali maandishi yamefifia. "Nikajiambia, huyu ndiye wanaita Sikio. Labda fundi husikia hata ile haisikiki."

Irungu aliitazama puli.

"Kwa nini hukuniambia niseme tena?"

Alifikiria majibu kadhaa na yote yalikuwa ya kweli: wateja chini ya mwavuli, tope, jina, miaka sitini na moja. Hakuna hata moja lililofaa kumpa mtu aliyevaa leso nyeusi.

"Niliona aibu," alisema.

"Aibu." Chebet alilitamka neno kama anaangalia tahajia yake. "Ningesema tena. Mara kumi ningesema. Mimi nafundisha watoto wa gredi ya pili, fundi. Kazi yangu ni kurudia."

Aliinuka, akapangusa sketi, akaichukua puli mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, akaikumbatia.

"Kiplimo ataniuliza ilikuwa nini," alisema. "Na ukoo wataniuliza."

"Waambie."

"Nitawaambia vile umesema. Sitaongeza wala kupunguza."

Hakusema amesamehe, na Irungu hakuomba. Chebet alivuka tope kuelekea barabarani, puli kifuani, bila kugeuka. Irungu alibaki amepiga magoti karibu na tairi. Akilini alikuwa ameshafika Munyaka, mlangoni, akitafuta namna ya kumwambia Waceke kwamba amesema.

Njenga alimwita kutoka nyuma. Akamwita tena, kwa jina lake la ubatizo, ambalo hakuwahi kulitumia. Mara ya tatu hakuita. Aliweka nyundo chini, akatembea, akazunguka mpaka upande wa kulia.